Bi Senti na Wiki ya Likizo

“Jiji halitatoa hata senti moja! Mjenzi ndiye anayeleta maghorofa, mjenzi ndiye atakayelipia utafiti wa barabara, wote, mpaka kalamu za kuandikia!”

Maneno hayo aliyatoa kwenye mkutano wa hadhara, kipaza sauti mkononi, na ukumbi ukapiga makofi mpaka vumbi likashuka kwenye feni za dari. Tangu siku ile mtaa mzima ukamwita Bi Senti. Alikuwa mwandishi wa mikataba na hotuba katika idara ya barabara, kazi yake kuandika maneno ya kusemwa na wakubwa. Siku hiyo mkubwa wake alishikwa na mafua, akamtuma yeye. Hakuwahi kupigiwa makofi maishani, na makofi, kama pombe, humpanda haraka asiyeyazoea.

Jambo lenyewe halikuwa na mafumbo. Mjenzi alitaka kusimamisha maghorofa manne karibu na njia panda ya shule. Kabla ya kupewa kibali, ilibidi wataalamu wahesabu magari na waendao kwa miguu, kisha waseme kama panahitaji taa na kivuko au paachwe palivyo. Desturi ilikuwa jiji na mjenzi kugawana gharama ya utafiti nusu kwa nusu. Bi Senti akaufungua mkataba wa zamani, akafuta kila mahali palipotajwa nusu ya jiji. Mjenzi akausoma, akasaini huku akitabasamu.

Mtu akitabasamu wakati analipa bili ya meza nzima, mtazame vizuri. Bi Senti hakumtazama. Alikuwa bado anasikia makofi.

Mama yake alikaa ng’ambo ya njia panda hiyo hiyo, goti bovu, ulimi mzima. Asubuhi moja Bi Senti alikuwa anampelekea dawa, akakuta vijana wawili chini ya mwavuli, kila mmoja na kidude cha kuhesabia. Cha kuhesabu chenyewe hakikuwepo. Mbwa alijilaza katikati ya lami kama aliyelipia chumba.

“Wadogo zangu, shule zimefungwa. Mnahesabu likizo?”

“Dada, sisi tumepangiwa wiki hii. Anayelipa ndiye anayepanga siku. Si ndivyo mkataba unavyosema?”

Ndivyo. Mkataba wa zamani ulisema wanaolipa watapanga siku pamoja. Alipoliondoa jiji kwenye kulipa, aliliondoa na kwenye kupanga. Kwa mkono wake mwenyewe, na siku ile alijinunulia soda kujipongeza.

Aliingia kwa mama yake amenywea.

“Leo nimevuka kama bibi harusi, taratibu,” mama akasema. “Shule zikifunguliwa nitarudi kuvuka kama kuku.”

“Utafiti utasema hapa hapana shida, mama. Hakutakuwa na taa wala kivuko.”

“Kwani nani alisema jiji lisitoe hata senti?”

Bi Senti akaweka dawa mezani.

“Naweza kuomba turudi kwenye nusu kwa nusu. Lakini ni mbele ya watu wale wale. Watanicheka.”

“Wakucheke. Kicheko hakivunji goti. Maji umeyavulia nguo, mwanangu, yaoge.”

Mkutano uliofuata mkubwa wake alikuwa mzima kabisa, ila alipoisikia ajenda, mafua yakamrudia. Bi Senti akasimama peke yake.

“Naomba jiji lilipe nusu.”

Ukumbi ukaangua kicheko. Fundi viatu wa mtaani, aliyekaa nyuma, akadakia: “Bi Senti! Zile senti zimezaa?”

“Zimezaa mapacha, kaka,” akajibu. “Sikilizeni. Anayekulipia nauli yote ndiye atakayekuambia ushuke wapi. Huyu bwana ametushusha likizoni. Mimi nataka watu wahesabiwe shule ikiwa wazi, na nataka tuwe na haki ya kusema hivyo.”

Hakuna aliyepiga makofi. Mjenzi hakutabasamu tena. Aliambiwa utafiti usiporudiwa shule zikiwa wazi, kibali hakuna, akasaini upya. Madiwani nao walinyoosha mikono kukubali jiji lilipe, kwa uvivu, mmoja mmoja, ikatosha.

Jina halikumtoka. Mpaka leo hata muuza magazeti anamwita hivyo, na yeye huitika.

Nusu ya jiji, lile lisilotoa hata senti, ilikuwa shilingi milioni tisa na laki mbili.