Banjo Yangu Imegawiwa Kama Mali ya Marehemu Mume Wangu

Admin, jina langu liweke pembeni, kijiji pia usikitaje, sema tu ni upande wa Kilimatinde. Marahaba kwa wote mtakaonisalimia. Nina miaka 66, mjane, mama wa watoto wanne. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa hiyo makosa mnivumilie, nina hasira.

Mimi nilikuwa mpiga banjo, kile chombo cha nyuzi kama gitaa chenye tumbo la ngoma. Msicheke. Nilifundishwa nikiwa msichana na mwalimu mmoja wa kike pale misheni, kupiga kwa vidole vitupu, wimbo mzima unatoka kwenye nyuzi bila mtu kuimba. Aliporudi kwao aliniachia banjo yake. Nikaipiga kwenye kwaya Manyoni, Itigi, mpaka Singida mjini tulialikwa, watu wanapanda juu ya mabenchi wamwone binti anayepiga kile kidude.

Nikaolewa. Mtoto wa kwanza alipozaliwa, mume wangu akasema mama wa watu hawezi kukaa mbele ya wanaume amepakata chombo mapajani. Akaifungia kwenye sanduku lake la chuma, ufunguo akawa anatembea nao. Nililia, nikanyamaza, nikashika jembe. Hakuivunja, haya, tumshukuru kwa hilo. Zaidi ya miaka thelathini nimefagia kuzunguka lile sanduku.

Mwaka jana akafariki. Nilimlilia kweli, mtu asije akasema sikumlilia. Lakini sitawaficha, nilikuwa nasubiri sanduku lifunguliwe. Kiongozi wa kwaya alikuwa ameshaniomba nikimaliza msiba nirudi kupiga, maana vijana wanategemea kinanda cha umeme, na umeme wa huku mnaujua.

Ikafika siku ya kugawa vitu vya marehemu. Kwetu mjane siku hiyo anakaa ndani na wanawake, wazee wa ukoo wako uani wanagawa. Koti likaenda kwa huyu, baiskeli kwa yule. Mara nikasikia nyuzi zimeguswa. Nikasema kwa sauti kwamba hiyo ni yangu. Wifi yangu akanibana goti, akaninong'oneza kwamba mjane hasemi siku ya kugawa, nitauletea ukoo mkosi. Huko nje wakaiita gitaa la marehemu, eti kwa kuwa imetoka kwenye sanduku la marehemu, wakampa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Mtu ambaye hata filimbi hajui inapulizwa upande gani. Akaitundika sebuleni juu ya televisheni.

Nikamwendea mwanangu mkubwa, nikijua huyu atanisemea kwa baba zake. Akanisikiliza, akainamisha kichwa.

"Mama, ukisema ni yako, maana yake baba alikunyang'anya. Unataka nisimame mbele ya ukoo niseme baba yangu alikuwa mnyang'anyi? Hata kaburi lake hatujalijengea."

Akaongeza kwamba nikithubutu kwenda kwa mtendaji wa kijiji, mguu wake nyumbani kwangu sitauona tena. Na huyo ndiye ambaye kwa kuzaliwa kwake banjo ilifungiwa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi nimeujua mara mbili.

Basi nikameza mate machungu, nikaenda kwa shemeji kuiazima. Akakubali, ila niichukue Jumapili asubuhi na niirudishe ibada ikiisha. Nyuzi mbili zilikuwa zimekatika, nikafunga mshipi wa kuvulia samaki. Vidole vimekakamaa kwa jembe, mwanzoni nilikuwa nababaisha tu. Lakini wapendwa, vilikumbuka. Jumapili iliyopita nilipiga mpaka wazee wenzangu wakatoa vitambaa kufuta macho, na mimi nikajiona mtu.

Wakati wa matangazo shemeji akasimama. Akasema familia imeamua kumuenzi marehemu, mtu aliyependa sana muziki, kwa kuruhusu gitaa lake litumike kwenye kazi ya Mungu. Kanisa zima likapiga makofi. Mwanangu alikuwa benchi la mbele, akanitazama usoni, naye akapiga. Na mimi nikaiweka banjo yangu mapajani, nikapiga makofi. Nilipotoka nilimkuta shemeji mlangoni ameshanyoosha mkono, nikampa.

Sasa mwezi ujao kuna mkutano wa kwaya, wageni watatoka mbali, na nimepewa nafasi ya kupiga peke yangu. Kiongozi anataka kabla sijapiga nishike kipaza sauti, niwaambie watu banjo hii niliipataje na kwa nini niliacha. Shemeji atakuwepo. Mwanangu atakuwepo.

Wanangu mnaosoma hapa, msiniambie nisali, nimeshasali. Niambieni nikishika kile kipaza sauti nifungue mdomo niseme nini. Nikisema kweli, mwanangu nimempoteza. Nikinyamaza, siku nikifa nitazikwa kama mjane wa mpiga banjo.