Fomu ya Nyumba Iliyofungwa

Nawaandikia nikiwa na hasira, na wa kwanza kukasirikiwa ni mimi mwenyewe.

Shirika moja la utafiti kutoka Nairobi, hao wa kuishauri serikali, liliniajiri niwaulize akina mama wa Masii kuhusu maisha yao. Nyumba ya mwisho, nyuma ya posho mill ya kusagia mahindi, niliikuta imefungwa. Jua kali, mtoto analia mgongoni. Nikakaa kivulini nikaijaza fomu mwenyewe.

Maswali mengi nilibahatisha tu. La mwisho likauliza, "Ungependa serikali ikufanyie nini?" Hapo sikubahatisha. Niliandika: "Imrudishe bwanangu kutoka Mombasa. Miaka miwili, barua moja. Bado napika muthokoi, mahindi na maharagwe, wa watu wawili, halafu fungu lake nawarushia kuku."

Wiki jana tukaitwa ukumbini Machakos kusikia matokeo. Mtafiti mkuu, mama mpole wa miwani, akayasoma maneno yangu yote.

"Huyu mama wa nyuma ya posho mill yuko hapa?" akauliza.

Mama Ndunge akasimama. "Hiyo nyumba ni yangu, na bwanangu ndiye huyu nimekaa naye. Huyu hata Nairobi hukataa kulala, Mombasa ataenda kufanya nini?"

Watu wakacheka mpaka bwanake akainamisha kichwa. Mtafiti akaigeuza fomu, akaliona jina langu chini, mahali pa muuliza maswali.

"Mwende, haya maneno ni ya nani?"

Ningeweza kudanganya tena.

"Ni yangu, Daktari," nikasema. "Lakini tafadhali msiyafute."