Bi Orpha na Vitunguu vya Kipara cha Hensley

Orpha Tallent aliendesha basi la shule kwa miaka ishirini na miwili, na hakuna mtoto aliyewahi kushuka bila kubeba hadithi. Alipostaafu, Kaunti ya Tolliver ilimpa basi jingine, dogo, jeupe, la watu kumi na wawili, awe anawapandisha watalii kutoka mjini Yarnell hadi kwenye mnara ulio kileleni mwa mlima wa Kipara cha Hensley na kuwarudisha. Kazi ilikuwa kuendesha. Kusimulia alijiongezea mwenyewe, na baada ya mwezi mmoja watu wakawa wanapanda kwa ajili ya mdomo wake, mlima ukiwa nyongeza.

Mimi nilifika Tolliver nikiwa njiani kwenda kwingine, na huu ni mwaka wa tisa bado niko njiani. Lawama zote anazo yeye.

Ukipanda basi lake unapewa Kanali Ambrose Yarnell, aliyejenga hoteli ya vyumba mia mbili juu ya chemchemi ya maji moto, ilhali maji hayakuwa moto. Kuna mtu alikuwa chini ya sakafu akichochea kuni usiku na mchana. Unapewa Lonzo Crisp, mpiga fidla aliyeshinda mashindano ya jimbo kwa nyuzi tatu kwa sababu wa nne alikuwa ameufungia suruali. Na unapewa Teesie Mashburn, aliyebeba barua mlimani kwa nyumbu miaka kumi na minne, theluji ikimfika magotini, na hakupoteza hata bahasha moja. Siku moja nilimuuliza Bi Orpha ni kiasi gani cha hayo ni kweli.

“Yote kweli, baba,” akasema. “Mengine yalichelewa tu kutokea.”

Basi, mwaka jana majira ya baridi, Bodi ya Utalii ilipata wajumbe wapya, na wajumbe wapya wakaja na wazo. Kulikuwa na mashine ya kuvaa masikioni. Inajua kona zote za barabara, inaeleza kila kitu kwa lugha sita, haikohoi wala haichoki. Bi Orpha angeendelea kuendesha, ila angeendesha kimya. Kabla ya kuamua, wajumbe watatu wangepanda basi lake mara moja, Jumatatu ya tatu ya Aprili, saa tatu asubuhi, wamsikilize. Wakiridhika, abaki na mdomo wake. Wasiporidhika, mashine.

Mumewe, Burl, mzee wa kiwanda cha mbao mwenye vidole vinane na subira isiyo na mwisho, alimwambia mshahara si ungebaki ule ule. Kwa nini ajisumbue?

“Burl,” akamjibu, “unataka nipite pale kwa Teesie na mdomo nimeufunga? Afadhali mnizike, mnizike leo.”

Burl amekaa na mwanamke huyo miaka arobaini na anajua kwamba hakuwa anatania.

Mwezi mzima akajiandaa. Alisimulia akifua, akasimulia akipalilia, akamsimulia mbwa. Alishona gauni la buluu. Alipangusa basi hadi likang’aa kama yai. Kitu kimoja tu alikisahau, nacho hakuna mtu wa Tolliver ambaye angekikumbuka.

Jumamosi iliyotangulia ilikuwa karamu ya vitunguu mwitu kwenye jumba la zimamoto.

Vitunguu hivi huchomoza Aprili, theluji ikiisha tu, kwenye upande wa mlima usiopata jua: majani mawili mapana, shina jekundu, mzizi mweupe kama jino. Wacheroki walikuwa wakivila kabla ya sisi wengine wote kufika, na ndio waliotuonyesha kukata jani na kuacha mzizi ili mwakani virudi. Ukivila vimepikwa kwa mafuta ya nguruwe na viazi, utanuka siku moja. Ukivila vibichi, siku tatu, na wala si mdomo peke yake: harufu inatoka kwenye ngozi, kwenye nywele, kwenye soksi. Zamani mwalimu alikuwa akimrudisha nyumbani mtoto aliyekula, na watoto walilijua hilo, wakavila makusudi.

Bi Orpha ndiye mshika kikaango wa karamu kwa mwaka wa kumi na tisa. Na mshika kikaango ana sharti lake: kabla mtu yeyote hajapewa sahani, yeye asimame mbele ya watu wote atafune vibichi vitatu, mzizi na jani, ili watu waone vimetoka mahali pazuri. Akavitafuna. Watu wakapiga meza. Akaongeza cha nne kwa sababu walikuwa wanapiga meza, na cha tano kwa sababu hawakuacha. Halafu kaunti nzima ikala. Mchungaji alikula, daktari wa meno alikula, mimi nilirudi na sahani mara tatu.

Jumapili asubuhi wasiwasi ulimwingia, kwa haki yake. Akamwinamia Burl kitandani, akampulizia pumzi usoni na kumuuliza kama ananuka.

Burl alifikiri kwa uaminifu. “Unanukia kama mtoto aliyetoka kuogeshwa,” akasema.

Hakutosheka. Kanisani alimpulizia dada yake Velda, naye akasema hasikii chochote, labda sabuni kidogo. Akampulizia mchungaji mlangoni. Mchungaji akamwambia aende kwa amani. Akanipulizia mimi, nami niliapa kwamba hakuna kitu. Tulisema kweli tupu, kila mmoja wetu. Kanisa zima liliimba nyimbo tano madirisha yamefungwa na hakuna aliyepepesa jicho. Nyani haoni kundule, na kundi zima la nyani ndiyo kabisa.

Jumatatu ukungu uliteremka hadi barabarani na baridi ikarudi. Wajumbe watatu walifika kutoka nje ya kaunti, wasafi, wamekula mkate wa kuchoma tu. Mwenyekiti alikuwa Bi Ostrander, mwanamke mrefu wa miaka hamsini mwenye daftari. Wa pili alikuwa Bwana Feagin, mnene, mpole, mwenye hoteli mbili mahali pengine. Wa tatu alikuwa Bwana Kell, kijana wa suti, aliyepakata mapajani sanduku la mashine zenyewe. Kanuni ilitaka pawe na abiria mmoja wa kawaida, kwa hiyo Bi Orpha alinichukua mimi nikae nyuma. Alipandisha vioo vyote kwa ajili ya baridi, akawasha joto la gari hadi mwisho, akageuka kuwatazama wageni wake, akavuta pumzi ndefu, akawakaribisha Tolliver.

Niliona Bwana Feagin akirudi nyuma kitini kana kwamba amesukumwa. Nikadhani ni mkanda.

Tukaondoka. Bi Orpha alianza na Kanali Yarnell, na sijawahi kumsikia akimsimulia vizuri hivyo. Tulipopita dohani moja iliyosalia ya ile hoteli, alipofikia mtu wa kuni chini ya sakafu, Bi Ostrander alikuwa ameweka leso puani na mabega yanatikisika. Bi Orpha akaniangalia kwenye kioo na kunikonyeza: anacheka huyo. Akazidisha. Kwa Lonzo Crisp, Bwana Kell alifumba macho na kuinua uso juu kama mtu anayesikiliza fidla kwa mbali. Kwenye Daraja la Nyumbu, ambapo barabara inaning’inia kando ya bonde na basi linapita kwa unene wa kidole, Bwana Feagin alikuwa mweupe kama unga. Naye Bi Orpha, kwa huruma, akageuza kichwa kabisa na kumweleza kwa karibu kwamba hajawahi kumwangusha mtu.

Kwenye Maporomoko ya Wajane wote watatu waliruka nje kabla gurudumu halijasimama. Walikimbilia ukingoni, wakainama kwenye rasharasha za maji, wakavuta hewa kwa midomo wazi.

“Umewaona?” Bi Orpha akaninong’oneza. Macho yalimng’aa. “Miaka kumi na minne ya barabara hii, sijapata watu wanaopenda maji hivi.”

Kuwarudisha garini kulichukua muda. Bwana Feagin aliuliza kama angeweza kukaa juu ya paa. Bi Orpha alicheka hadi akapiga honi bila kukusudia, kisha akatupandisha maili saba za mwisho akimsimulia Teesie Mashburn: theluji, barua ya mjane, nyumbu aliyegoma, Teesie akivua koti lake na kumfunika nyumbu. Machozi yaliwatiririka wote watatu. Yalilowesha kola. Bi Ostrander alijaribu kuandika kitu, daftari likamponyoka. Mimi mwenyewe nilitokwa na machozi, lakini mimi hulia pale kila mara.

Kipara cha Hensley hakina mti kileleni, nyasi tu, na upepo usio na adabu. Tulikuwa juu ya ukungu sasa. Milima ilikuwa imejipanga hadi Tennessee. Bi Orpha alisubiri chini ya mnara mikono imefungana mbele ya gauni la buluu, uso umemwiva kwa furaha. Alikuwa anajua ameshinda. Bi Ostrander akamjia, akasimama upande upepo unakotoka.

“Bi Orpha,” akasema kwa upole mwingi, “kuna kitu kimekufa ndani ya gari lako?”

Nilimwona Bi Orpha akielewa.  Akajiinamia, akanusa mkono wake, hakusikia kitu, na hapo ndipo alipojua kwa hakika. Alikaa kwenye ngazi ya mnara. Akauliza, hivi walipokuwa wanalia pale kwa Teesie, je, haikuwa hadithi?

“Ilikuwa harufu, mama,” Bwana Kell akasema.

“Na maporomoko?”

“Harufu.”

“Hata kwa Lonzo?”

Bwana Kell alitazama viatu vyake. Bi Orpha hakusema neno, na kwa mtu aliyemjua lilikuwa jambo la kutisha kuliko daraja.

Ilibaki shida ya kuteremka. Hakuna aliyekuwa tayari kuingia garini. Bwana Feagin alikuwa ameshafunga kamba za viatu, amekata shauri la kutembea maili kumi na moja. Ndipo Bi Orpha akainuka, akakung’uta gauni, akashuka mwenyewe upande wa kaskazini chini ya miti, ukoo wa Burl unapochuma vitunguu mwitu. Akarudi na fungu la majani mabichi. Alikata majani tu, hata siku hiyo.

Aliwaambia ukweli. Harufu ile haina sabuni wala dawa. Wana njia mbili: wasubiri hadi Jumatano, au wale.

“Tule?” Bwana Feagin akauliza.

“Anayekula hanusi. Tumeishi hivyo siku zote hapa. Nani unadhani angeoa Aprili?”

Bi Ostrander alilitazama jani muda mrefu. Halafu, kumbe babu yake alikuwa na shamba la ng’ombe, alilikunja mara nne kama mkulima, akalitupia mdomoni na kutafuna. Macho yalimtoka. Akapiga mguu chini. Akakohoa, akaomba jingine. Bwana Feagin alifuata kwa sababu alikuwa na njaa, na baada ya jani la tatu alianza kucheka bila sababu, mikono kiunoni, akiuambia upepo uongeze. Bwana Kell alikataa mpaka alipojikuta yeye ndiye peke yake anayeziba pua kati ya watu wanne wenye furaha. Alikula kwa hasira. Baada ya dakika kumi aliingiza kichwa garini kwa tahadhari, akavuta pumzi, akavuta tena.

“Imeondoka,” akasema, kama mtu aliyeibiwa.

Njiani kuteremka Bi Ostrander aliomba yote tena toka mwanzo, kwani wakati wa kupanda hakusikia hata nusu. Bi Orpha alianza kwa sauti ndogo. Safari hii hapakuwa na machozi ya bure. Kwa Kanali walimkatiza wakauliza kuni zilitoka wapi. Kwa Lonzo, Bwana Feagin alipiga paja. Tulipofika kwa Teesie Bi Ostrander alijipangusa jicho moja tu, la kushoto, haraka. Bi Orpha aliliona. Sauti yake ikarudi yote, na kona tatu za mwisho tulizipiga kwa mwendo ambao sitauandika.

Wajumbe walitakiwa kutoa uamuzi saa sita mbele ya karani wa kaunti. Karani alikuwa amekaa kwa bintiye nje ya kaunti wiki nzima na hakuwa ameonja kitu. Walipofungua mlango aliinuka, akawatoa wote nje, akafunga mlango na kufungua dirisha kwa upana wa kiganja. Kwa hiyo kura zilipigwa kwenye nyasi, kwa sauti, watu wa sokoni wakisikiliza.

Bwana Kell alipiga kura ya mashine. Alisema hana kinyongo, ila ukweli usemwe: mashine hainuki.

“Ndiyo kasoro yake,” Bi Ostrander akasema, akapiga ya Bi Orpha. Bwana Feagin alikuwa bado anacheka. Aliinua mkono tu.

Mbili kwa moja. Karani alipitisha karatasi dirishani kwa ncha ya rula. Bi Orpha alitia sahihi akitumia mgongo wangu kama meza. Saa saba kamili alikuwa na safari nyingine: familia ya watu watano kutoka Ohio walikuwa wameshapanga foleni mlangoni mwa basi, wasafi, wamevaa kofia mpya. Alishusha vioo vyote kumi. Kisha akawatazama mmoja mmoja, akatabasamu na kuwauliza kama wamekula.