Sangala wa Bwana Samaki

Bwana samaki wa Kibirizi, afisa wa serikali anayekagua nyavu za wavuvi, hapimi wavu kwa rula. Rula ilizama ziwani mwaka ule Warundi walipoanza kushuka mwaloni na magodoro kichwani, na tangu hapo anapima kwa vidole viwili, vinene kama mihogo ya Mwandiga. Vikipita kwenye jicho la wavu, salama. Vikikwama, macho ni madogo kuliko sheria inavyotaka, na wavu unachomwa moto palepale, naye anajifuta mikono kwa leso, polepole, kama mtu aliyeshiba. Mikono hiyohiyo ndiyo inayompima sangala, samaki mkubwa ambaye hakuna mwingine aliyemwona. Anaapa aliuona mgongo wake kando ya mtumbwi wa doria. Januari alilingana na mwanamume. Kufikia Pasaka alishakuwa mrefu kuliko mtumbwi wenyewe, na kila bwana samaki akitanua mikono, wachuuzi husogeza beseni zao kumpa nafasi.

Jumanne moja ikafika zamu ya Générose, mkimbizi aliyekuwa akilisha watoto wanne kwa wavu mmoja. Vidole vikakwama. Kiberiti kikatoka mfukoni.

"Mzee wangu," Générose akasema, akiukunjua wavu mpaka kwenye tundu ambalo hata ndama angepita, "mimi sangala wako nimemwona. Alitokea hapa."

Bwana samaki akasahau kiberiti. Akaingiza mkono tunduni mpaka begani, akauzungusha.

"Alikuwa na doa jeupe shavuni?"

"Eeh, mzee. La kushoto."

Akawageukia wachuuzi kwa sauti ya mahakamani: "Macho ya wavu huu yanazidi hata kipimo. Mpisheni mama."