Masufuria ya Kihesa Yaliyorudi Matupu

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi pale Kihesa, Iringa, ukungu bado umelalia mapaa, lori lilipokuja kuchukua masufuria yetu. Mwanangu, nakuhadithia haya kwa sababu nimesikia umeingizwa kwenye kamati ya mashindano yatakayofanyika hapa Mbeya, na umeshaanza kutembea kifua mbele. Tembea tu, ujana ndio huo. Lakini nisikilize kidogo kabla chai haijapoa.

Miaka hiyo nilikuwa binti wa sekondari. Mama yangu, mjane, alikuwa akiuza chakula kwenye geti la uwanja siku za mechi: wali maharage, chapati, chai ya tangawizi. Geti lile ndilo lililotulisha na kunisomesha. Basi ikatangazwa kwamba michezo ya mikoa inakuja mjini kwetu, na watu wa kamati wakapita nyumba kwa nyumba kuazima vyombo: masufuria ya shughuli, mabenchi ya kanisani, mikeka ya msikitini. Hakuna aliyekataa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa. Mama akatoa masufuria yake yote makubwa, akabaki na madogo ya nyumbani. Siku ya ufunguzi aliamka akiimba, akakanda unga mwingi kuliko nilivyowahi kumwona akikanda.

Tulipofika uwanjani tukakuta uzio mpya wa mabati, na kijana mlinzi amesimama mahali petu.

"Kamwene, mwanangu," mama akamsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, mama. Ila hapa hakuna kuuza tena. Chakula kina mzabuni wake, katoka mbali huko."

"Sasa mimi nikauzie wapi?"

"Sijui, mama. Mimi nimeambiwa tu, asiye na kitambulisho haingii."

"Mbona masufuria yangu yameingia bila kitambulisho?"

Watu waliokuwa karibu waliangua kicheko. Mama hakucheka. Harufu ya pilau ilikuwa inatoka ndani ya uzio, nasi tulijua fika inapikwa kwenye vyombo vya nani. Aliketi juu ya jiwe ng'ambo ya barabara, ndoo ya chapati mapajani, na kila kelele za kushangilia zilipopanda aliinua kichwa, kisha akakiinamisha. Chapati zile tulizirudisha nyumbani, tukagawia majirani, nyingine zikaota ukungu. Mimi nilishindwa kuzila.

Mashindano yakaisha. Lori likarudi, likashusha vyombo mbele ya ofisi ya kata. Alikuwepo Bibi Zuhura, mjane wa mwenye duka, mkubwa wetu sote pale mtaani, na ulimi wake ulikuwa haujui kuogopa suti. Akafunua masufuria moja baada ya jingine, akichungulia ndani.

"Bibi, tumeyaosha, yanang'aa," bwana mmoja wa kamati akajisifu.

"Naona yanang'aa, baba. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Hata ndizi mlikosa?"

Bwana yule akacheka, akidhani anataniwa. Bibi akamshika mama mkono, akamsogeza mbele.

"Huyu mlimfukuza getini, mkapikia masufuria yake. Mmemwachia nini?"

Bwana akatazama saa, akapanda gari. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Uzio haukuondolewa, mwanangu. Mama alihangaika mtaani kwa muda, kila mahali pana mwenyewe, mwisho akaenda Igawa kuuzia abiria wa mabasi kando ya barabara kuu. Mimi akaniacha kwa Bibi Zuhura nimalize shule. Alikuwa akituma mchele na salamu, na kila mara alisema atarudi. Hakurudi. Nilipopata habari kwamba anaumwa nilipanda basi siku ileile, nikafika nikakuta wameshamzika. Nimekuwa bibi sasa, na bado naumia nikilitaja.

Sikukatazi kupokea wageni. Wageni hawana kosa, wapokeeni mpaka wasimulie kwao. Ila kizuri kula na nduguyo. Kabla hamjaweka uzio, kaulizeni nani anakula kutokana na eneo lile, mkae naye mkubaliane atauzia wapi, na mkimaliza mumrudishie mahali pake. Mchele uko Mbarali hapo, wapishi wamejaa mjini, vijana wa kazi mnawajua kwa majina. Mtakachowapa mtakiona kidogo, lakini maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Na ukiambiwa kwenye kikao kwamba hao watajitafutia, simama useme, hata sauti ikitetemeka.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe masikio kabla hajakupa cheo. Akujalie wageni wako waondoke wakicheka, na asubuhi yake kila mama aliyekuwa na mahali pa kutafutia riziki apakute pale pale, asilazimike kwenda kufia ugenini. Amina.