Nikiisubiri Barafu

Mwezi wa saba kwetu Tlawi, huku Mbulu, mimi siwezi kukaa. Wengine wanakaa, najua. Wanajifunika shuka mbili, wanakoka moto, wanachoma viazi na kupiga soga mpaka jua litoboe ukungu. Mimi nahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia. Na mwaka ule ndiyo kabisa, maana binti yangu alikuwa amerudi nyumbani kujifungua, na uzazi wake wa kwanza ulikuwa umeisha vibaya.

Yule wa kwanza alizaliwa kimya, msimu huohuo wa baridi, baada ya sisi kusubiri usafiri barabarani tangu alfajiri mpaka jua limepanda. Hakuna aliyesema ni baridi iliyomuua. Madaktari walitaja mambo mengine, na mimi niliwasikia vizuri tu. Lakini kichwani mwangu vitu viwili vilishikana, baridi na yule mtoto, na hakuna mtu aliyeweza kunitenganishia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Baada ya msiba ule tuliuza ng'ombe tukanunua pikapu kuukuu, nami nikajifunza kuendesha katika utu uzima wangu huu, mume wangu akikaa pembeni ameshika mlango kwa mikono miwili.

Basi kila jioni nilikuwa na kazi. Nilianza na nyumba. Nyumba yetu ni ya matofali na bati, nzuri kwa macho, lakini kati ya ukuta na bati kuna nafasi ambayo upepo wa usiku unaingia bila hodi. Nilikanda udongo na samadi, nikapanda ngazi, nikaziba tundu moja baada ya jingine, na pale udongo ulipogoma nikasokomeza matambara. Chumba cha binti yangu nilikiziba mpaka mume wangu akauliza kama naweka mtu au naweka mahindi. Nikamwambia aniletee udongo mwingine, aache maneno.

Nikaenda bustanini. Bustani yetu iko chini bondeni, na bondeni ndiko barafu inakolala. Watu wa mbali wakisikia Tanzania wanawaza jua tu. Waje kwetu asubuhi ya mwezi wa saba waone majani yalivyopauka yakawa meupe, na jua likishapiga, nyanya zote zimekuwa nyeusi kama zimemwagiwa maji ya moto. Nilizifunika nyanya kwa mabua na viroba vilivyopasuliwa. Mboga za chainizi nikazitandikia nyasi kavu. Jioni nikawasha moto wa majani mabichi kwenye kona za bustani ili moshi ulale juu ya mboga, nikarudi ndani nakohoa, macho mekundu.

Binti yangu alikaa jikoni akiniangalia naingia na kutoka. Tumbo lilikuwa limeshuka. Hakuwa amenunua hata kitambaa kimoja cha mtoto, na mimi sikuthubutu kumuuliza.

"Mama, utaumwa," alisema.

"Nikikaa ndiyo nitaumwa," nikamjibu, na huo ulikuwa ukweli wangu wote.

Sasa gari. Hapo ndipo mume wangu alipocheka mpaka akashika mbavu. Fundi mmoja wa Katesh aliwahi kuniambia kwamba maji yakiganda ndani ya injini yanaipasua, chuma chote kile, pa! Labda alikuwa ananitania. Mimi maneno yale yaliniingia. Dawa ya kuzuia maji yasigande sikuipata dukani, kwa hiyo kila jioni nilikuwa nalala chini ya pikapu, nafungua koki ya rejeta, namwaga maji yote. Betri naingiza ndani, naiweka karibu na jiko. Injini naifunika blanketi. Asubuhi nachemsha maji, nayapooza yawe vuguvugu, najaza rejeta, narudisha betri, nawasha. Likiunguruma, moyo wangu unatulia mpaka saa ya chai.

"Mke wangu, hapa ni Mbulu, si Ulaya," alisema mume wangu. "Hilo gari unalilea kuliko ulivyonilea mimi."

"Wewe humbebi mtu kwenda Haydom," nikamwambia.

Maana mpango ulikuwa Haydom. Binti yangu aliapa kwamba hatazaa tena pengine popote isipokuwa kwenye ile hospitali kubwa, ambako walikuwa wameifuatilia mimba yake mwezi hadi mwezi. Wiki iliyofuata nilikuwa nimpeleke akasubirie siku zake karibu na hospitali. Nguo zilishafungwa. Mimi nilijiandaa kwa alfajiri ya baridi kali, kwa giza, kwa barafu kwenye kioo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu kibaya kinachokuja alfajiri.

Uchungu ukaja mchana, tena tumetoka kula.

Siku hiyo ukungu haukuinuka kabisa. Mume wangu alikuwa ameenda mnadani. Binti yangu alisimama kuondoa sahani, akashika ukingo wa meza, akaniangalia. Nilikimbia, jamani, nilikimbia! Nikachukua betri, nikafunga nyaya, nikalitupa blanketi la injini nyuma pamoja na mfuko wa nguo, nikamkalisha mbele, nikawasha. Likaitika mara moja. Nikasema Asante Yesu kwa sauti.

Tukaondoka. Barabara ilikuwa na utelezi wa umande, na mbele yangu naona hatua chache tu. Binti yangu alikuwa akipumua kwa mdomo. Kila mara niliangalia geji ya joto, nayo ilikuwa imelala chini kabisa. Nikafurahi! Nikajisemea, tazama baridi ya leo, hata injini haijapata joto. Nikakanyaga mafuta.

Hatujafika hata Dongobesh, kwenye kilima, nikasikia harufu ya chuma kinachoungua. Gari likagugumiza, likatetemeka, likazima. Nikafungua boneti. Joto likanipiga usoni kama nimefungua tanuri. Na pale pale, kabla sijagusa kitu, nikajua. Kwa ukungu ule sikuwa na safari, kwa hiyo asubuhi sikurudisha maji. Rejeta ilikuwa kavu. Gari langu nililolikinga na baridi msimu mzima nilikuwa nimeliua kwa joto, na geji ilinidanganya kwa sababu hapakuwa na tone la maji la kuipa habari.

Nilipiga kelele. Sioni aibu kusema. Nililipiga teke lile gari, nikalitukana, nikajitukana mimi zaidi. Simu haikuwa na mtandao. Basi la kwenda Haydom lilishapita zamani. Ukungu ulikuwa mzito, hakuna mtu, hakuna pikipiki. Ni barabara ileile, baridi ileile, na mwanangu yuleyule ameshika tumbo. Nikaona kabisa kwamba tunarudia.

"Mama," binti yangu akaita kutoka ndani. "Kuna moshi pale."

Chini ya barabara kulikuwa na nyumba ya zamani, ya udongo na nyasi, moshi unapenya juu ya paa. Tulishuka taratibu, amenishika shingo, tukisimama kila uchungu ulipokuja. Mlangoni alitokea mama mzee, mrefu, amejitanda shuka hadi masikioni.

Na hapa naomba mnielewe. Mtoto wangu anauma meno, mimi roho iko mkononi, lakini yule ni mtu mzima, siwezi kuingia kama mbuzi.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Mnatoka wapi?"

"Tlawi, mama."

"Tlawi hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na baridi ya huko?"

"Ni kali, mama."

"Mifugo inavumilia?"

"Inavumilia, mama." Miguu yangu ilikuwa inacheza chini ya gauni, siwezi kuituliza.

Yule mama alikuwa ameshamwona binti yangu. Alikuwa anajipa muda, nami nilijua kwa nini. Kwetu, mgeni kuzalia katika nyumba ya watu si jambo dogo. Na kama mwanamke huyo aliwahi kupoteza mtoto, wazee wanaamini msiba ule bado unamfuata na unaweza kuingia naye ndani, kwa watoto wa nyumba na kwa ng'ombe. Sisi tunasali, mambo hayo tunasema tumeyaacha. Lakini ile ilikuwa nyumba yake, si yangu, na kumficha ingekuwa wizi. Nilitaka sana kunyamaza. Nikiongea, atatufukuza, na barabarani hakuna kitu ila ukungu.

Binti yangu ndiye aliyesema. Alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, jasho linamtoka kwenye baridi ile.

"Mama, wa kwanza alifariki. Ukikataa, nitaelewa."

Yule mama alimtazama kuanzia usoni hadi tumboni. Kisha akageuza uso kwangu, amekunja kipaji kwa hasira.

"Mnasimama mlangoni mnanitolea joto la nyumba," akasema. "Ingieni!"

Tuliingia. Kwa sababu ya ukungu ng'ombe walikuwa wamerudishwa mapema, wamesimama upande wao wa nyumba, wanacheua. Joto lilikuwa la moto na la ng'ombe pamoja, zito, lenye harufu ya maziwa na samadi, na mwili wangu ulianza kulegea bila ruhusa yangu. Yule mama alimlaza binti yangu juu ya ngozi, akanawa mikono kwa maji ya moto na sabuni, akamshika tumbo, akaniashiria kwa kichwa kwamba ni sasa hivi. Niliuliza nifanye nini. Akasema nimshike mgongo na nisiongee.

Kwangu kutokuongea ni adhabu. Nilishika mgongo. Binti yangu alisukuma, akapumzika, akasukuma, akaniuma mkono, ng'ombe mmoja akapiga kwato, na mtoto akatoka.

Akatoka kimya.

Sitaki kueleza sana kimya kile. Nilikijua. Niliwahi kukisikia. Binti yangu alifumba macho, akageuza uso ukutani, na mimi nikahisi mgongo wake unapoa mikononi mwangu. Yule mama hakututazama. Alimfuta mtoto mdomo kwa kidole, akamlaza kifudifudi juu ya kiganja, akaanza kumsugua mgongo kwa pindo la shuka, kwa nguvu, kama mtu anayesugua sufuria, huku akimgombeza kwa Kiiraki. Mvivu wewe. Umetusumbua njia nzima, sasa umefika unalala? Lia! Lia, wenzako wanakusubiri!

Akakohoa kwanza. Halafu akalia.

Loo, alilia! Alilia kwa hasira, ndama mmoja akajibu kutoka gizani, na yule mama akacheka kwa sauti akionyesha mapengo yake. Mimi nilisimama. Nikazunguka ndani mle, nikachochea moto usiohitaji kuchochewa, nikatafuta maji, nikasema tupige simu, tupande juu tutafute mtandao, mume wangu kule mnadani aambiwe, gari la kwenda hospitali lipatikane, mtoto afunikwe vizuri, mlango uzibwe pale chini panapoingia upepo. Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango.

"Bibi," binti yangu akasema.

Sikugeuka. Nilidhani anamwita mwenye nyumba.

"Bibi, wewe. Acha mlango. Njoo umpokee."

Nikamwambia asubiri kidogo, kwanza nizibe pale chini. Akasema hasubiri, amechoka, na akaninyooshea mtoto. Nikakaa chini.