Shimo Lililofunguliwa Tena

Kikosi kizima kilimwita Shangazi, hata waliomzidi umri, naye alishazoea. Kazi yao ilikuwa kufukia mashimo ambayo wachimbaji wa dhahabu waliyaacha ndani ya hifadhi walipoondolewa, kisha kupanda miti juu yake. Walipanda, nyati wakapita wakakanyaga, wakapanda tena.

"Kazi hii ni kama kumwogesha mtoto aliyekaa kwenye tope," dereva wa katapila alipenda kusema.

Shimo moja Shangazi hakuhitaji kuonyeshwa njia yake. Humo ndimo udongo ulimomwangukia kitindamimba wake. Waokoaji walichimba mpaka kuta zilipotaka kuwameza na wao, wakanyoosha mikono. Siku ya kulifukia, Shangazi alishika sepetu kama wenzake. Mumewe hakutokea. Alimwambia mchungaji kwamba hawezi kuimbiwa nyimbo za mazishi na mwanawe hajamzika. Ibada haikufanyika, na tangu hapo wawili hao walikula meza moja bila maneno.

Mvua zilipokaribia, kikosi kilikuta shimo lile limefunguliwa upya, kina cha kiuno. Miche iliyokuwa juu yake imelazwa kando vizuri, mizizi imefunikwa gunia lililoloweshwa maji.

"Mwizi gani huyu mwenye huruma?" dereva akauliza, watu wakacheka.

Shangazi hakucheka. Lile gunia alikuwa amelitafuta jikoni kwake asubuhi nzima.

Askari wa wanyamapori aliyewalinda akamsogelea. "Shangazi, unamjua aliyefanya hivi?"

"Namjua. Ni baba wa aliyelala humu."

Askari akatazama buti zake. "Kesho nitapita tena. Nikimkuta anachimba, nitamkamata. Mimi nami ni mtu wa kutumwa."

Jioni Shangazi alimkuta mumewe kibarazani, akijitoa udongo kwenye kucha.

"Umechukua gunia langu," alisema.

"Miche ingekufa."

"Na wewe je? Ukuta ukikuangukia, nifukie wawili?"

"Nataka mifupa yake tu, mama. Nimlaze karibu na babu yake."

"Kwani Mungu hajui alipo?"

Mzee akarudia kucha zake, akakwangua udongo uliobaki.

"Mungu anajua," akasema. "Mimi ndiye sijui."

Shangazi alijua. Siku waliponyoosha mikono, waokoaji walimwonyesha mahali hasa, naye akapaweka moyoni. Hakuwahi kumwambia mumewe, kwa kuogopa kwamba akijua atachimba mpaka afe. Sasa alimtazama kucha zilizojaa udongo, akaona kwamba siri hiyo haikumkinga na kitu.

"Unachimba pembeni," alisema. "Yuko upande wa mteremko, chini ya ule mche uliopinda. Kesho nitakupeleka. Ukishafika, utaamua mwenyewe."

Asubuhi walikwenda pamoja na mchungaji, aliyeitwa na Shangazi. Askari aliwatangulia na bunduki begani, akasimama mbali kidogo. Mzee alibeba jembe lake, na hakuna aliyethubutu kumwambia aliache.

"Hapa?" aliuliza.

"Hapa."

Alisimama kando ya mche ule uliopinda, jembe mkononi, muda mrefu. Shangazi aliomba kimoyomoyo, wala hakujua anaomba nini hasa. Kisha mzee akapiga magoti kwa shida, akaweka kiganja juu ya udongo kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Mchungaji," akasema, "anza."

Ibada ilikuwa fupi. Wimbo mzee hakuuimba, ila midomo yake ilicheza. Baada ya amina aliinuka, akaenda kwenye shimo alilolichimba yeye, akaanza kurudishia udongo. Mikono ilimgomea. Shangazi akachukua sepetu akasimama upande wa pili.

"Pumzika kidogo, baba."

"Nikipumzika sitainuka."

Basi wakaendelea polepole, yeye kwa jembe na mkewe kwa sepetu, mpaka askari akaegemeza bunduki kwenye mti na kuja kuomba jembe.